Wavu Huu Haujapata Kuvua

Mhadhara uliosomwa barazani Sidab, Maskati, baada ya sala ya Isha



Kabla sijasema kitu, naomba kofia hii ipite mikononi. Ianze kwa Bi Mkubwa pale mlangoni, ipite safu kwa safu mpaka iwafikie vijana waliokaa ukutani. Jina wanaloiita Waarabu wa hapa, sisi tuliolelewa na Kiswahili hatulitamki mbele ya wakwe, kwa hiyo leo itakuwa kofia tu. Msiniambie kitu kwa sasa. Itazameni, igeuzeni, mchungulie ndani, kisha mumpe wa pili. Nitaidai tukimaliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya mazungumzo. Nakusudia zile jioni ambazo msanii, au mtu wa kuhakiki sanaa, anapewa kipaza sauti na kiti kizuri, nasi tunakaa safu safu kumsikiliza akieleza sanaa ya leo. Nilipokuwa kijana hazikuwepo. Sasa maonyesho hayafunguliwi bila ya mtu kuzungumza, na mara nyingine watu huja kwa ajili ya maneno na halua, picha wakazipita kama wanaopita ukuta wa skuli.

Ukitoka hapa Sidab, ukaziacha boti zimepandishwa ufukweni, ukavuka kilima kwa gari, dakika chache tu uko Maskati ya zamani. Pale, katika mtaa mdogo ambao mtu anaumaliza kwa miguu, kuna Bait Al Zubair iliyofunguliwa 1998, kuna Bait Muzna ya mwaka 2000, na kuna Makumbusho ya Taifa ambayo tangu 2016 yanatazamana na kasri ya Al Alam. Nyuma ya majumba hayo ipo historia ya watu waliohangaika. Marsam ya vijana, yaani karakana yao ya kuchorea, ilianzishwa 1980, wakati wachoraji wa nchi hii walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Jumuiya ya Omani ya Sanaa ilikuja 1993. Hassan Meer, kijana wa Maskati aliyekwenda kusoma Marekani, aliporudi alianzisha maonyesho aliyoyaita Duara, na hapo ndipo wengi wetu tulipoona kwa mara ya kwanza kwamba filamu inayoonyeshwa ukutani, au chumba kilichopangwa vitu, nacho kinaweza kuitwa kazi ya sanaa. Mwaka 2022 Omani ilipata banda lake la kwanza katika maonyesho ya Venice. Wasanii walikuwa watano wa vizazi vitatu, tangu Anwar Sonya aliyezaliwa 1948 mpaka marehemu Raiya Al Rawahi, aliyefariki 2017 akiwa bado kijana. Nyumba zipo, basi, na watu wapo. Mimi nataka kusema juu ya yale yanayosemwa ndani ya nyumba hizo.

Nitawapeni kisa kimoja. Ukumbi sitautaja, na msanii sitamtaja, kwa sababu si wao peke yao.

Jioni moja nilikwenda kusikiliza msanii kijana. Kazi yake ilikuwa wavu wa kuvulia, mkubwa, umetundikwa kutoka darini mpaka karibu na sakafu, umemulikwa taa ya buluu, na pembeni kuna sauti ya mawimbi iliyorekodiwa. Ukutani palibandikwa karatasi. Karatasi ilisema kazi inahusu kumbukumbu, bahari, utambulisho na babu yake aliyekuwa mvuvi. Mwenye kuongoza jioni alisoma maisha ya msanii kwa muda wa dakika ishirini: miji aliyokaa, vyuo alivyopita, zawadi alizopata. Msanii naye akasoma kurasa zake kwa Kiingereza kilichonyooka, na kila aliposema neno zito watu walitikisa vichwa. Zikabaki dakika tano za maswali.

Nyuma yangu alikaa mzee wa hapahapa Sidab. Alizaliwa Mkokotoni, Unguja, akavua kule ujanani, akavua huku utu uzima wake wote. Alikuja kwa sababu mjukuu wake wa kike alimbembeleza. Alinyanyua mkono, akapewa kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili: "Mwanangu, wavu huu haujapata kuvua."

Mtu mmoja akatafsiri. Watu wakacheka, kile kicheko cha adabu ambacho mtu huchekewa mtoto aliyesema neno la kikubwa. Msanii akatabasamu, akasema kazi yake inazungumzia kutokuwepo. Mwongozaji akatazama saa, akatushukuru, tukaitwa kwenye kahawa.

Kwenye kahawa nilimfuata mzee. Nikamuuliza: ami, umejuaje? Akanishangaa kama niliyemuuliza amejuaje kwamba ni usiku. Akasema, kwanza mikunjo ya dukani bado ipo, inaonekana juu pale penye taa. Pili, risasi za chini zinang'aa. Risasi iliyokwisha kuburura mchangani haing'ai. Tatu, hakuna pahala palipoliwa. Wavu uliofanya kazi msimu mmoja tu una matundu, na kila tundu limeshonwa na mtu, kwa uzi aliokuwa nao siku hiyo, ambao si rangi ile. "Nioneshe wavu mzee," aliniambia, "nitakwambia mshonaji ni wa mkono wa kulia au wa kushoto. Nitakwambia alikuwa na haraka au hakuwa nayo." Kisha akanywa kahawa yake, akaomba apelekwe nyumbani.

Nimesikiliza mazungumzo mengi ya sanaa, hapa na Unguja, Dar es Salaam na Nairobi. Uhakiki bora kuliko ule sijausikia. Ulikuwa na maneno manne tu, na ulikwenda pale pale penye kidonda cha kazi. Kazi ilidai kumbukumbu ya babu, na wavu haukuwa na kumbukumbu yoyote. Ulikuwa umetoka kwenye mfuko wa nailoni. Inawezekana msanii alikusudia hivyo hivyo. Inawezekana alitaka kutuambia kwamba wavu wa babu umepotea na alichobakiwa nacho mjukuu ni cha kununua. Kama ndivyo, hiyo ni habari kubwa, na swali la mzee lilikuwa mlango wa kuingilia. Mlango ukafungwa kwa kicheko.

Sasa mimi nauliza: kwa nini tulicheka? Mzee hakukosea, na Kiswahili humu Maskati si kitu cha ajabu; katika ukumbi ule nusu ya watu walielewa kabla ya tafsiri, na niliwaona. Tulicheka kwa sababu tumekubaliana, bila ya kukubaliana, kwamba lugha ya sanaa ya leo ni nyingine, na ile tunayoijua tunaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Tunayoijua ni ipi? Hiyo kofia inayopita mikononi mwenu ndiyo inayojibu. Hakuna mwanamke humu, awe amekulia Ng'ambo kule Unguja au Matrah hapa Maskati, asiyejua kuisema. Vitambaa viwili vya bafta vimewekwa pamoja. Nakshi imechorwa kwa penseli. Uzi umepitishwa baina ya vitambaa ili nakshi isimame. Kisha yanakuja matundu: sindano inatoboa, inafungua, na kila kijitundu kinazungushiwa uzi ukingoni mpaka kikaze. Mamia ya vitundu katika kofia moja. Mshonaji wa mkono huchukua miezi. Na akimaliza, kabla haijafuliwa, jirani huitia jicho. Sikilizeni maneno anayotumia jirani: mshono umelegea, vitundu havilingani, nakshi imejaa mno, haipumui, hapa ulichoka, ukingo umevuta, kazi imetulia. Imetulia! Mhakiki gani wa mji gani amepata neno zuri kuliko hilo kwa picha ambayo kila kitu kimekaa pahala pake?

Na si kofia peke yake. Kanga tunaigawa: pindo, mji, jina. Mwanamke anayesema "mji wake mzuri lakini jina halikukaa" amekwisha kutoa hukumu juu ya rangi, umbo na maandishi kwa pumzi moja. Fundi wa jahazi anamkosoa mwenzake kwa mbao moja. Mchoraji wa hina anaambiwa mkono wake mzito. Wenye ngoma wanajua nani ameingia nje ya pigo. Lugha yetu ya kuhukumu kazi ya mkono imejaa mpaka inamwagika. Ila hatujapata kuimwagia sanaa ya makumbusho.

Lugha yenyewe imekwisha kututania. Neno msanii lina sifa mbili mitaani. Ni mtu wa sanaa, na ni mtu wa hila. Ukisikia "yule usanii mtupu," shika mfuko wako. Na mhakiki? Neno limetoka katika hakika. Ni mtu wa kuhakikisha. Serikali ikitaka kujua vyeti vya nani ni vya kughushi inafanya uhakiki. Basi mhakiki wa sanaa naye, kwa Kiswahili chetu, si mtu wa kupamba sherehe. Ni mtu wa kuangalia kama hati ni ya kweli. Mzee wa wavu alifanya uhakiki kwa maana ya kamusi.

Wapo watakaosema: hayo ni maneno ya ufundi, kazi za mikono, na sanaa ya leo ni fikra, Kiswahili hakina maneno ya fikra hiyo. Hili silikubali, na sina haja ya kubishana kwa nadharia kwa sababu limekwisha kufanyika. Kumbukeni mgogoro wa ushairi. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi: vina, mizani, vituo. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Moto ukawaka. Wako waliosema hayo si mashairi kabisa, ni insha zilizokatwakatwa. Wako waliosema kinachofanya shairi ni fikra na mpigo wake, na kamba ya vina imekuwa ya kunyongea. Ubishi ule uliendelea kwa miaka mingi, vyuoni, magazetini, vitabuni. Watu walitukanana kwa adabu na wakati mwingine bila ya adabu. Tazameni lilikuwa swali gani: je, hiki kipya ni sanaa? Ni swali lile lile linaloulizwa mbele ya wavu wa taa ya buluu. Na liliulizwa, likajibiwa, likaulizwa tena, kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo msiniambie lugha haiwezi. Waliobishania ushairi waliweza kwa sababu wote wawili, mwenye kushambulia na mwenye kutetea, walikuwa wamesoma mashairi yenyewe mstari kwa mstari.

Tofauti ni hiyo. Katika mazungumzo yetu ya sanaa ya kuona, kazi yenyewe haisomwi. Anasomwa msanii. Tunajua alizaliwa wapi, alihama lini, aliumia nini. Ukimaliza saa nzima hujui kama picha ni ya mafuta au ya rangi za maji.

Nairobi wamepiga hatua kutushinda, na wana mizizi. Elimo Njau, mtu wa Kilimanjaro, yeye na mkewe mwandishi Rebeka Njau pamoja na wenzao walianzisha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965. Jina lenyewe ni mchezo wa Kiswahili, paa wa porini na kupaa juu. Palikuwa na kuta za kutundika picha, lakini palikuwa pia na pahala pa kukaa na kubishana, washairi na wachoraji na wanasiasa wa uhuru mpya. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina yake miaka ya 1990, na hata hivyo tabia ya kubishana haikuungua. Ndiyo maana mwaka 2015, banda la Kenya kule Venice lilipotangazwa na majina ndani yake yakawa mengi ya Wachina, wasanii wa Nairobi hawakukaa kimya. Walisema, waliandika, walichora: Michael Soi alitoa mfululizo mzima wa picha za kuikejeli aibu ile. Maneno yakafika serikalini, na waziri akalikana banda. Nchi ikajiondoa. Fikirini: mazungumzo ya wachoraji yameweza kuondoa bendera mahali ambapo haikustahili kupepea. Sijui kama sisi Maskati tungethubutu, na nasema hivyo kwa mapenzi.

Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, tangu 2008, na vyumba vyake vya makontena kule Mikocheni. Pale huwa nafurahi kwa sababu mazungumzo yanaanza kwa Kiingereza cha wafadhili na baada ya robo saa yameteleza yenyewe kwenye Kiswahili, na hapo ndipo yanapochangamka. Lakini uhakiki wa Dar niupendao zaidi hauna kipaza sauti. Nendeni Msasani kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora kuuza 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya mbao za kujengea. Akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mtu mwingine. Miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wamekaa bega kwa bega wakichora, na ukikaa nao nusu saa utawasikia: huyo chui wako kalala, punguza madoa, macho yamepotea, hii umemwiga fulani, lete yako. Kuna vitabu vya wageni juu ya Tingatinga. Sijamuona aliyekaa na daftari kuyaandika hayo maneno ya Msasani. Yakiandikwa yatakuwa kitabu cha uhakiki ambacho hakijatokea.

Sasa nifike pagumu. Mpaka hapa nimesema kana kwamba tatizo ni adabu za ukumbini na lugha. Lipo jingine. Kazi ya sanaa ikitazamwa kweli kweli huwa inauliza mambo ambayo barazani hatuyaulizi.

Mchoraji Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, na mama yake Muingereza akamchukua Uingereza akiwa na miezi minne tu. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alipata tuzo ya sanaa ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kule kwetu siku ile simu zilijaa pongezi: mtoto wa Unguja, mtoto wa Unguja! Sawa. Lakini nani alizungumza juu ya kazi yake? Amechora kanga, na kanga tunaijua kuliko wahakiki wa London. Wao wanaona kitambaa cha Kiafrika chenye maneno, sisi tungeuliza jina limekaaje na mji. Hatukuuliza.

Ipo kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money. Ni watu mia moja, kila mmoja amekatwa kwa mbao kwa kimo cha mtu na kupakwa rangi, wamesimama ukumbini kama watu walioalikwa. Wapo wapiga ngoma, wafinyanzi, wachora ramani, washona viatu, wafunza mbwa. Wamevaa vizuri sana, rangi zinacheka. Unatembea katikati yao, bega lako na bega lake. Ukizunguka nyuma ya mmoja unakuta karatasi ya hesabu, kama ya dukani, na juu yake maneno: jina lake la asili, na jina aliloitwa na wenyewe, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, na anayofanyishwa sasa, na kile kidogo alichobaki nacho. Ni watumwa wa majumba ya kifalme ya Ulaya. Msanii amewarudishia majina.

Nimewahi kuota, hivi hivi macho wazi, watu wale mia moja wamesimama Maskati, na sisi tunatembea kati yao na kofia zetu na mabuibui yetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kule 1897, na hapa ukaondolewa 1970. Humu ndani tunatoka pande zote mbili za habari hiyo, na wengine wetu tunatoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Tunajua majina ya babu zetu wa upande mmoja mpaka mtu wa saba. Upande wa pili tunajua jina la kupewa: Mabruki, Faraji, Baraka, Zawadi. Nyuma ya jina hilo palikuwa na jingine.

Hili halizungumzwi mezani, wala msikitini, wala harusini. Mtu akilileta hivi hivi ataambiwa analeta fitina, na wala hatutakuwa tumemuonea. Neno tupu juu ya jambo kama hili huwasha moto. Lakini ukiwa na mtu wa mbao mbele yako, amesimama, amevaa koti la rangi ya manjano, na nyuma yake pana jina, mazungumzo yana pahala pa kuanzia. Unaanza na koti. Unauliza kwa nini amevalishwa vizuri. Unauliza ngoma aliyoishika ni ya wapi. Kidogo kidogo mtu mmoja katika safu ya nyuma anasema, nyanya yangu naye aliitwa jina kama hilo. Picha imetangulia kusema, sisi tunaifuata tu. Naamini kwamba hii ndiyo faida ya kweli ya jioni za sanaa, na ndiyo tunayoipoteza tunapozigeuza kuwa za kusoma maisha ya msanii na kupiga makofi. Tunaogopa swali la wavu kwa sababu baada yake kuna swali la jina.

Na mapinduzi ya Unguja ya 1964 nayo yamo humo humo. Nyumba iliyoachwa na chungu jikoni. Wangapi humu wana ufunguo wa nyumba ya Unguja ndani ya sanduku? Sitaendelea, vijana wamechoka na ufunguo huo, nami nawaelewa. Ila nimeona msanii mmoja mdogo wa hapa ameuchora, na katika mazungumzo yake hakuna aliyemuuliza ni wa mlango gani.

Nasikia minong'ono kule nyuma, kofia imekwama kwa vijana. Ipitisheni.

Basi tufanyeje? Hapa Omani tunayo sabla, na kule Unguja tuna baraza, na zote mbili zina kanuni moja njema: mgeni na mwenyeji wanakaa kimo kimoja, kahawa inazunguka kwa zamu, na maneno nayo yanazunguka. Jukwaa halina kanuni hiyo. Nikiulizwa nitengeneze jioni ya sanaa, ningeviondoa viti, ningeiacha kazi katikati, ningemkataza msanii kusema kwa nusu saa ya mwanzo. Ndiyo, msanii akae kimya. Asikilize watu wanaona nini. Ataumia, na ataondoka na kitu. Kisha aseme, na aseme kwa lugha aliyoota nayo kazi hiyo. Mwenye kutafsiri awepo, kwani tafsiri si aibu, lakini itafsiriwe kutoka kwetu kwenda kwao pia, na mtafsiri asicheke. Na sabla ina kasoro yake, kina mama hawakuwamo, hilo tusiliige. Hapa Sidab kipo kikundi cha kina mama wa ushoni. Siku Makumbusho ya Taifa yakialika watu kuzungumzia sanaa ya nguo, natamani wawaite hao kwanza, kabla yangu mimi na makaratasi yangu.

Kwa vijana wasanii nina ombi moja. Mkiulizwa na mzee, msikimbilie ile karatasi ya ukutani. Yule kijana wa wavu, miezi michache baadaye, alikuja hapa Sidab peke yake. Aliniuliza nyumba ya mzee. Nilimpeleka. Alikaa barazani kwake tangu alasiri mpaka magharibi, na walichozungumza sikukisikia kwa sababu niliwaacha. Najua kwamba alitoka na wavu mkuukuu kwapani, unanuka papa mpaka gari yake ikabidi ioshwe mara mbili. Kazi mpya hajaitoa. Atakapoitoa nitakwenda, na nitamchukua mzee kama Mungu atamuweka.

Haya, naona kofia imefika. Ahsanteni. Na huyu mwanangu aliyeileta ananinong'oneza hapa kwamba katika safu ya tatu kutoka ukingoni kuna vitundu viwili havikukazwa, na kwamba nakshi ya upande wa nyuma imekwenda upande. Amesema kweli. Kofia hii niliishona mimi, mwaka niliofiwa, na upande huo wa nyuma nilikuwa sioni vizuri. Maswali yaanze kwake.